Kiingereza Nilichojifunza kwa Ajili ya Mkamwana

Mwanangu wa pili alinipigia simu kutoka Lusaka siku ya Jumapili, ndiyo kwanza natoka kanisani, bado nimevaa kitambaa cha kwaya begani. Alisema amepata mke. Nilipiga kigelegele pale pale barabarani, katikati ya watu wa mtaa wetu wa Kimemi, hata mama mmoja aliyekuwa anauza makaa akaniitikia kwa kigelegele chake bila kujua tunashangilia nini.

Nilipotulia nikauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza.

"Anasema luga gani?"

"Kibemba na Kiingereza, maman."

"Na Kiswahili?"

"Hapana."

"Français?"

"Hapana, maman. Hata kidogo."

"Donc mi nitamuambia nini? Nitamuangalia tu kama picha?"

Akacheka. "Mutazoeana, maman. Mutazoeana."

Ni rahisi kusema. Mwanangu alikuwa ameishi Zambia miaka mingi, na sasa alitaka kurudi nyumbani afungue duka la vipuri vya pikipiki hapa Butembo. Kwa hiyo huyo binti hakuwa mgeni wa kuja wiki moja na kurudi. Alikuwa anakuja kukaa, kwenye ua mmoja na mimi, jiko moja na mimi. Mkamwana ambaye huwezi kumwambia "lete chumvi" ni mzigo kwako, na wewe ni mzigo kwake zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeacha kwao.

Mimi nauza vitenge katika soko kuu la Butembo. Kinande nilikinyonya kwa mama, Kiswahili nilikipata njiani, Kifaransa nilikisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na Kilingala kiliingia chenyewe kwa njia ya muziki na askari. Nilidhani kichwa changu kimejaa. Kiingereza nilikijua kwa kukiona tu kwenye mabunda ya vitambaa, maneno mawili matatu ya kiwandani, nayo niliyasoma kwa Kifaransa.

Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza wasiwasi wangu, aliendelea kupiga randa ubao wake, kisha akasema, "Mi nitamuchekea tu. Kucheka hakuombe dictionnaire."

"Wewe utamuchekea," nikamjibu. "Mi njo nitakaa naye mu jiko."

Wiki ile ile nikaenda kujiandikisha.

Darasa lilikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, alasiri, soko likishafungwa. Walikuwepo wafanyabiashara wanaokwenda Kampala kufuata bidhaa, mwendesha pikipiki mmoja mwenye sauti kubwa, muuguzi, na mabinti kadhaa waliokuwa wanatafuta nafasi za kusoma nje. Wote ningeweza kuwazaa. Waliniachia benchi la mbele kwa heshima, na kwa kweli nilikuwa nimekuja na nia ya kujificha nyuma.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sweta nene hata jua likiwaka. Alikuwa ametoka Mbau, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Kule alikuwa akifundisha shule ya sekondari na kulima kakao na mume wake. Halafu vita vikawatawanya watu wa kule, naye akafika Beni, na kutoka Beni akapanda huku kwetu milimani. Tulijua hayo kwa sababu Butembo hakuna asiyejua mwenzake katoka wapi. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mwanzoni niliteseka. Kiingereza ni lugha inayoandikwa hivi na kusomwa vile, kama mtu anayekuahidi mlangoni na kukugeuka sebuleni. Ulimi wangu ulikataa. Lakini mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupenda kushindana na kitu kigumu. Nilikuwa nakunja vitenge huku natamka. Napima kitambaa natamka. Wateja wangu wakadhani ninasali, na mmoja akaniuliza kwa huruma kama nyumbani kuna mgonjwa.

Baada ya miezi michache nikaanza kuongea na yule binti kwenye simu. Sauti yake ilikuwa laini, yenye haya kidogo. Aliniita "Mum" tangu siku ya kwanza, na neno hilo fupi lilinifanya nikae wima kwenye kiti.

"How are you, Mum?"

"I am fine, my daughter. Have you eaten?"

"Yes, Mum. And you?"

"Yes. I have eaten."

Kisha tunacheka wote wawili, kwa sababu maneno yamekwisha. Siku inayofuata tunaulizana tena kama tumekula. Nilijua amekula. Alijua nimekula. Lakini nilitaka kumwambia jambo zito zaidi ya chakula. Nilitaka ajue kwamba mwanangu nimezoea kumpenda tangu yuko tumboni, na kwamba yeye pia, kila asubuhi kabla sijafungua mlango, nimezoea kumwombea.

Nikamuuliza mwenzangu mmoja darasani, mfanyabiashara wa Kampala, namna ya kusema "kuzoea."

"Ah, mama, hiyo ni rahisi," akasema. "Njo 'used to.' Mi naitumiaka kila siku kule Kampala."

Nilimshukuru. Njiani nilirudia maneno hayo mpaka yakakaa sawa mdomoni. Nyumbani nikavua viatu, nikakaa vizuri, nikapiga simu.

"My daughter," nikaanza, "I used to love my son very much."

Kukawa kimya. Nikadhani ameguswa.

"Used to, Mum?"

"Yes! And I used to pray for you. Every morning!"

Akasema kitu kingine, polepole, sauti ikiwa chini. "And now, Mum? Have you stopped?"

Lile neno la mwisho sikulijua. Lakini aliuliza kwa adabu, na mtu akikuuliza kwa adabu unaitikia. "Yes, yes," nikasema kwa furaha. "Thank you!"

Akaniaga haraka. Nikamwambia mume wangu, "Leo nimezungumza naye mambo ya moyoni." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama baba wa nyumba yenye amani.

Sahani za chakula hazijaoshwa, simu ikalia. Alikuwa mwanangu, na sauti yake ilikuwa imepanda.

"Maman, umeambia bibi yangu nini? Analia!"

"Analia? Ya furaha?"

"Furaha gani, maman! Amesema ulikuwa unanipenda zamani, sasa hapana. Ulikuwa unamuombea zamani. Amekuuliza kama umeacha, ukamuitikia ndiyo, na ukamupa merci juu yake!"

Nilikaa chini. Mume wangu, ambaye alikuwa amesikia yote kwa sababu simu yangu hupiga kelele, aliweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Yule mtu wa maneno machache alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilimwona yule binti kule mbali, amekaa kitandani anafungasha nguo zake kwenda kwa mama mkwe ambaye amemwambia kwa kinywa chake kwamba amemwacha.

Kesho yake nilifika darasani wa kwanza. Nilimweleza mwalimu. Hakunicheka hata kidogo. Alifuta ubao wote, akaandika mistari mitatu, na wengine walipofika akasema somo la siku hiyo limebadilika.

"Hii kosa tunaifanyaka sisi wote," alisema, "juu neno ni moja na kazi ni tofauti. Muangalie vizuri."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kuusoma: "I used to live in Mbau." Kisha kwa Kiswahili: "Nilikuwa naishi Mbau. Zamani. Imeisha. Sasa hapana tena."

Akashuka mstari wa pili. "I am used to teaching. Nimezoea kufundisha. Ile 'am' kadogo njo inageuza yote. Mama yetu hapa aliisahau, donc maneno yake yakawa ya zamani." Aliniangalia, akatabasamu. "Na muone tena nyuma yake: hapana 'teach' tu, ni 'teaching.' Hata kupenda, utasema 'loving.'"

Halafu mstari wa tatu. Hapo alisimama kidogo kabla ya kusoma. "I am getting used to the cold of Butembo. Naanza kuzoea baridi ya Butembo. Bado hayijafika, mais niko mu njia."

Alivuta mikono ya sweta yake. Kila mmoja wetu aliona kwamba mwalimu ameandika ubaoni maisha yake yote, yaliyokwisha, yaliyobaki na yanayoanza, na kwamba ameyaandika kwa chaki bila kulia. Ndipo yule mwendesha pikipiki akasema kutoka nyuma, kwa sauti yake kubwa:

"Madame, utazoea! Baridi yetu haina kiburi!"

Tukacheka, naye akacheka, na hewa ikarudi chumbani. Akatutaka kila mmoja atoe sentensi zake. Muuguzi alisema zamani alikuwa anaogopa damu, sasa ameizoea. Yule mfanyabiashara aliyenifundisha vibaya alisimama akaniomba radhi mbele ya wote, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba anaanza kuzoea kusahihishwa. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikashika ukingo wa benchi.

"I am used to loving my son," nikasema. "And I am used to praying for my daughter. I have not stopped."

Darasa zima lilipiga makofi.

Nilimpigia binti kabla sijafika nyumbani, nikiwa nimesimama chini ya paa la duka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nilimwambia nilisahau neno moja dogo, na neno dogo limeleta tatizo kubwa. Nikamsomea sentensi zangu zote mbili, polepole. Upande wa pili nikasikia kilio, halafu kicheko, halafu vyote kwa pamoja. "Oh, Mum," alisema. "Oh, Mum." Tangu siku ile haya ilimtoka. Akaanza kuniomba maneno ya Kiswahili: chumvi, moto, karibu, punguza. Mimi nikawa namwomba ya kwake. Hatukuulizana tena kama tumekula.

Mambo ya mahari wazee waliyamaliza, na arusi ikapangwa ifanyike Butembo. Binti alikuwa anakuja na shangazi yake, dada ya baba yake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki. Walikuwa waingilie mpaka wa Kasindi, kutoka Uganda, na kulala Beni kwa yaya, dada yangu mkubwa, anayeishi mtaa wa Beu. Nilishuka Beni siku moja kabla yao. Yaya alikuwa ameosha kila kitu kilichoweza kuoshwa, hata mawe ya mlangoni.

Mchana mwanangu akapiga simu.

"Maman, forodha wamenibakisha na mizigo. Nitafika kesho. Nimebatanguliza na gari ya muzala."

"Bataongea na nani?"

"Na wewe, maman. Si uko na Kiingereza?"

Mtoto wa yaya, ndiye aliyekuwa anaendesha lile gari, hajui hata neno moja. Yaya mwenyewe anaongea sana, lakini kwa Kinande na Kiswahili tu. Nyumba nzima ile, usalama wa wageni na heshima ya ukoo wetu vilining'inia kwenye ulimi wangu.

Gari likaingia uani jua likiwa bado juu. Binti alishuka wa kwanza. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria. Kabla sijafungua mikono, alipiga magoti kwenye vumbi mbele yangu na kuanza kupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa.

Yaya alishtuka. "Yee! Anaomba nini? Umuinue!"

"Haombe kitu, yaya. Ni salamu ya kwabo."

Sikuwa nimefundishwa hilo na mtu. Nililiona usoni mwake. Nami nikapiga magoti, goti langu bovu likalia, nikamkumbatia pale chini mpaka tukainuliwa wote wawili.

Shangazi mtu alikuwa mama mnene, mwenye miwani na mkoba aliokuwa ameubana kwapani. Aliniamkia vizuri, lakini macho yake yalikuwa yanapita juu ya ukuta, mlangoni, barabarani, kila pikipiki ilipopita. Nilielewa. Alikuwa amekuja kuangalia mahali, aone kama panafaa kuachiwa mtoto.

Yaya alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani na obundu, ule ugali wetu wa muhogo. Binti alinawa, akakata tonge kwa mkono bila kuuliza kijiko, maana kwao pia wanakula ugali kwa mkono, na yaya akapiga kigelegele. Lakini wao wanasonga wa mahindi, na wa muhogo unanata. Tonge likamshika kidole kimoja, akajaribu kulitoa kwa kingine, likashika vyote. Akainua mkono wake uliovaa ugali kama glavu, akaniangalia.

"Mum, I am not used to it!"

"You will get used to it," nikamwambia. Sikufikiria kabla ya kusema. Lilitoka lenyewe, kama vile mtu anavyosema pole. Nikamwonyesha jinsi ya kulowesha vidole kwenye mchuzi kwanza. Tonge la pili lilikwenda sawa.

Shangazi alikuwa anakula kidogo kidogo. Mwishowe aliweka mkono kwenye ukingo wa sahani, akanigeukia. Alisema polepole, akiniangalia kama nimefuata kila neno. Alisema anasikia habari za Beni kwenye redio mara nyingi, na hazikuwa habari nzuri. Alisema yule binti ndiye aliyebaki wa kaka yake. Kisha akauliza: ni kweli kwamba watu wa huku wameshazoea vita? Alitumia maneno yale yale. "They say you people are used to war."

Mkamwana wangu akainamisha kichwa. Yaya akanigusa goti chini ya meza. "Anasema nini?"

Sikumjibu bado. Kwa Kiswahili ningejibu kwa hotuba. Kwa Kiingereza nilikuwa na maneno machache, na nilijua kila moja lina uzito wake, na kwamba neno dogo likipotea, kila kitu kinapinduka. Niliwaza majirani wa yaya. Niliwaza mwalimu wetu na sweta lake. Nikayapanga kichwani moja moja, kisha nikayatoa.

"No, my sister. We are not used to war. Nobody gets used to war." Nikavuta pumzi. "We are used to getting up."

Hatukuzoea vita. Hakuna anayezoea vita. Tumezoea kuinuka.

Sikuwa na lingine la kuongeza, na hata ningekuwa nalo nisingeliongeza. Shangazi alinitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akaivaa tena. Halafu akasukuma sahani yake mbele, kuelekea kwenye sufuria, na kuomba sombe zaidi.

Nikamtafsiria yaya niliyoyasema. Yaya, ambaye katika maisha yake amehama nyumba mara kadhaa na bado akapanda maua kila alipofika, aliinuka bila neno akaenda jikoni. Akarudi na kichwa cha samaki mkubwa, kile tunachomwekea mwenye nyumba, akakiweka kwenye sahani ya mgeni.

"Umuambie hii ni ya kwake," alisema, maana kisa cha simu nilishamsimulia. "Umuambie vizuri, na ile 'am' yako."

Kesho yake mwanangu alifika na mizigo, na tukapanda wote Butembo. Beni tuliiacha na joto lake. Kadiri barabara ilivyopanda ndivyo binti alivyojikunyata, na tulipoingia mjini kulikuwa na ukungu na manyunyu. Mume wangu alikuwa amesimama langoni na koti lake la Jumapili mkononi. Hakumpa binti mkono. Alimvisha koti kwanza, akafunga vifungo viwili vya juu kama mtu anayemvisha mtoto wa shule, kisha akafanya alichoahidi: akacheka. Na kweli, binti akamjibu kwa kicheko, na shangazi pia, na hapakuhitajika mkalimani.

Siku ya arusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Darasa letu lote la Kiingereza lilikuja, likakaa pamoja, mwalimu katikati akiwa amevaa kitenge nilichomchagulia mwenyewe. Kwenye ukumbi, baada ya chakula, msemaji wa sherehe akatangaza kwamba mama wa bwana arusi atasema neno. Mwanangu aliinama sikioni mwangu.

"Maman, nikutafusirie?"

"Wewe leo ni bwana arusi," nikamwambia. "Kaa chini."

Nilishika kipaza sauti. Nilianza kwa Kiswahili, nikawashukuru wote kama desturi ilivyo. Kisha nikawageukia mkamwana wangu na shangazi yake. Nilipobadilisha lugha, wateja wangu wa sokoni walikuwa wamesimama nyuma, midomo wazi.

"I used to have three children," nikasema. Mwalimu wetu akanyanyua kichwa, akisubiri. "From today, I have four."

Kwanza lilipasuka darasa letu. Mwendesha pikipiki alipiga mluzi mrefu. Halafu waliojua Kiingereza wakawatafsiria wasiojua, zamani nilikuwa na watoto watatu, kuanzia leo ninao wanne, na vigelegele vikatembea kutoka meza hadi meza mpaka vikafika nje kwa wapishi. Nilisubiri vipungue. Nikamwambia shangazi kwamba huyu binti anaanza kutuzoea sisi, na sisi tunaanza kumzoea yeye, na kwamba haraka hatuna. Nikamwambia akisikia baridi nitamfunika. Nikamwambia nimezoea kumwombea, na hilo sitaacha. Yote kwa Kiingereza, na yote yakiwa mahali pake. Nilimwona mwalimu amesimama, anapiga makofi juu ya kichwa chake, machozi yanamtiririka, na sweta hana.

Shangazi akaomba kipaza sauti. Alikohoa kidogo, akauangalia ukumbi wote, akasema neno moja ambalo yaya alikuwa amemfundisha kwa siri.

"Wasingya!"

Asante, kwa Kinande safi kabisa. Kama paa halikuruka siku ile, halitaruka tena. Kwaya ilianza bila kungoja ishara, na mama yule mnene aliweka mkoba wake mezani, akauacha pale bila kuuangalia nyuma, akaingia kucheza.

Alikaa nasi wiki nzima. Tulimsindikiza mpaka Beni, mimi na mkamwana, na pale gari la mpakani lilipokuwa linapakia watu alinishika mikono yote miwili. Aliniambia kwamba alipotoka Lusaka alikuwa na tiketi ya binti ya kurudi naye, ndani ya mkoba. Alikuwa ameitoa asubuhi ile akaichana. Alimkumbatia mtoto wake, akaniambia nimlinde, akapanda. Hakulia mpaka gari lilipoondoka, na hata hapo alikuwa anapunga mkono kwa nguvu kuliko sote.

Tukarudi Butembo mimi na binti. Njiani tulikuta akina mama wameweka ndizi mbivu kando ya barabara, na dereva akasimama. Nilishusha kioo ili nizungumze nao, kwa mazoea yangu ya soko, lakini binti alinishika bega kwa upole akafungua mlango, akashuka mwenyewe. Akachagua kichane kikubwa, akakigeuza huku na huku kama mtu aliyezaliwa hapa.

"Mama, punguza!" akasema.

Muuzaji akamtazama, akanitazama mimi garini, akacheka. "Na uyu ametoka wapi?"

"Butembo," mkamwana wangu akajibu, kabla sijafungua mdomo.

Wale akina mama wakaangua kicheko, wakampunguzia, na mmoja akamwongezea ndizi tatu juu kwa ajili ya lile jibu. Alirudi garini amezikumbatia zote kifuani, akamenya ya kwanza akanipa mimi.